Bango la mkaa wa vifuu lililopata kueleweka

Tulipoanza kuuza mkaa mbadala wa vifuu vya nazi Temeke, bango letu lilisomeka: "Suluhisho bunifu la nishati endelevu kwa kaya." Watu walisoma, wakapita. Mmoja aliuliza kama tunafunga umeme wa jua.

Nikaweka kalamu chini. Nilimwomba mama lishe mmoja, mteja wetu wa kudumu, amweleze jirani yake tunachouza, mimi nikiwa pembeni na daftari. Hakugusa mazingira wala misitu. Alisema: "Huu, shoga, unaivisha maharage bila kuongeza mkaa." Basi! Kila anayepika maharage anaijua adha ya kuinua sufuria la moto ili uongeze mkaa katikati ya mapishi.

Kazi ngumu ikawa kukata. Mwenzangu alitaka tubakize moshi mdogo, bei, na miti inayookolewa. Nikamkumbusha M-Pesa: ilipoingia sokoni Kenya mwaka 2007, Safaricom haikunadi teknolojia ya simu, iliwaambia watu watume pesa nyumbani. Jambo moja tu.

Kabla ya kuchora bango jipya, nilimtamkia bodaboda wa kijiweni maneno yake, jioni nikarudi kumuuliza anakumbuka nini. Toleo la kwanza, lenye neno "ufanisi" (nalipenda mno neno hilo), alikuwa ameshalisahau. La pili alilirudia lote: "Mkaa wa vifuu: maharage yanaiva, huongezi mkaa." Ndilo lililopakwa. Moshi na bei tunamweleza mteja akishasimama.