Tangi la kwenye karatasi

Tangu Jumanne naosha vyombo huku nikibishana na mtu ambaye hayupo. Shemeji alinikuta jikoni nasema peke yangu, "Na kabla boza la kwanza halijafika, je?" Akageuza, akarudi sebuleni bila kuuliza. Bado anakaa kwetu, na keshanizoea.

Mimi ni mkaguzi wa michoro, na kuna faili lililonisumbua, la kituo cha mafuta chenye matangi matatu ya chini ya ardhi, ambalo hatimaye lilifika kikaoni. Mhandisi wa wenye kituo alikuja mwenyewe, mtu mzima, viatu vina tope la saiti, na kusema kweli nilimpenda alipokunjua michoro mezani badala ya kutuwashia projekta. Kazi yake ilikuwa safi. Matangi ya faibaglasi yenye kuta mbili, kihisi katikati ya kuta, mabomba yanayoteremka kurudi tangini, vali inayokata mafuta tangi likifika asilimia 95. Nilikuwa napiga vema tu. Kisha nikafungua ukurasa wa hesabu ya kuelea.

Asiyefanya kazi hii hudhani hatari ya tangi la chini ni kuvuja peke yake. Kuvuja tunakuogopa, sikatai. Lakini kuna tangi linalotoka lenyewe ardhini. Chukua chupa tupu yenye kizibo uizamishe kwenye ndoo ya maji, utajua nasema nini. Tangi la lita 40,000 likizungukwa na maji ya ardhini linasukuma kando tani 40 za maji, na zaidi kidogo ukihesabu unene wa kuta, wakati lenyewe, kwa yale ya kwenye mchoro huu, halifiki tani 4. Hiyo tofauti yote lazima ishikwe na kitu: udongo na zege la juu, mikanda, mihimili ya zege ya kulifungia. Visipotosha, linainuka, linapasua sakafu na kung'oa mabomba. Na ripoti ya udongo iliyobanwa kwenye faili lao wenyewe ilisema maji yalionekana mita 1.2 tu kutoka juu.

Basi nikauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hapa mmechukulia tangi lina mafuta kiasi gani?"

"Nusu," akasema. "Nani anaendesha kituo bila mafuta?"

"Naomba hesabu ya tangi tupu."

Akavua miwani, akatabasamu. "Dada yangu, tangi la kwenye karatasi ndilo linaloelea. Mimi langu nalizika."

Meza nzima ikacheka. Hata mwenzangu wa dawati la pili, ambaye nilidhani ni wangu. Nikasema tena naomba hesabu ya tangi tupu, nikaandika kwenye fomu, tukaendelea na ajenda.

Ukiitazama hivyo, nilipata nilichokitaka. Hesabu aliombwa, hesabu ataleta. Sasa kwa nini kila nikishika sifongo namsikia akisema "mimi langu nalizika"? Nimeshamjibu kwa namna zote. Kuna jibu la upole: mzee wangu, kati ya kulifukia na kulijaza kuna wiki, na mvua haisubiri boza. Kuna la ukali: basi andika barua kwamba kituo hakitaishiwa mafuta hata siku moja, utie sahihi. Kuna ambalo nacheka kwanza mimi kabla hawajacheka wao. Wiki hii mdogo wangu kajifungua salama mtoto wa kike, na kazini wametangaza idara yetu inaunganishwa na ile ya ghorofa ya chini, na mimi niko kwenye sinki natafuta neno la kumwambia mtu mmoja.

Nadhani kilichoniuma si utani. Ni kwamba wakaguzi wa michoro tunachukuliwa kuwa mhuri wenye miguu. Kazi ikienda vizuri hakuna kinachoonekana. Hakuna anayesimama kwenye pampu kushukuru kwamba ardhi imetulia chini ya gari lake.

Alhamisi usiku, taa zimezimwa, ndipo jibu lilipokuja. Petroli ni nyepesi kuliko maji. Lita moja ina kama kilo 0.74. Kwa hiyo tangi lake likijaa mpaka juu, mafuta yote hayo hayafiki tani 30; ongeza uzito wa tangi, bado hujazifikia zile 40 za maji. Yaani likizama lote, hata LIKIJAA linataka kupanda! Nusu yake aliyoitegemea ilikuwa inampa tani 15 hivi. Nikacheka kwa sauti. Baba watoto akauliza kuna nini, nikamwambia petroli inaelea, akasema lala.

Sikulala mapema, lakini kwa raha. Nilikirudia kikao upya nikiwa na jibu hilo mkononi, nikamwona anavaa miwani yake taratibu.

Jana michoro mipya ikaletwa. Nikaifungua nikiwa nimeshanoa kalamu. Tangi tupu, maji yamepandishwa mpaka usawa wa ardhi, ambayo ni hali mbaya kuliko niliyoomba. Mihimili ya kufungia imerefushwa pande zote mbili. Na zege lililo chini ya maji hakulihesabu kwa kilo 2,400 kwa kila mita ya ujazo. Alitoa zile 1,000 zinazobebwa na maji, jambo ambalo wengi husahau na ambalo nilikuwa nalisubiri kwa hamu isiyo ya kidini. Hakuna neno la shukrani wala la kisirani, hesabu tupu, kwa mwandiko mzuri wa penseli. Nikapitisha. Ninakiri iliniudhi kidogo kukosa pa kumshika, na jibu langu la petroli limebaki mikononi bila mnunuzi. Nimewapa ninyi.

Kinachonisumbua jioni hii ni Kitinda, mwanangu wa mwisho. Kwa siku kadhaa anasogeza kiti mpaka karibu na runinga, na daftari analileta hadi puani. Nimemwambia anisomee tarehe kwenye kalenda ya ukutani, akanijibu kalenda haina kitu cha kumvutia. Kliniki ya macho haifunguliwi kesho, na Jumatatu asubuhi ndiyo tunakabidhiana mafaili na wale wa chini. Nitaona kama baba yake anaweza kuomba ruhusa ampeleke.