Kipigo Hakilipwi kwa Mbuzi

Katika familia nyingi ninazozifahamu, za bara na za pwani, mwanamke anapopigwa na mumewe, hatua ya kwanza si kumpeleka hospitali wala kituo cha polisi, bali kuitisha kikao. Wazee wa pande mbili huketi, mume huelezwa kosa lake, mke huulizwa alifanya nini hata mumewe akafikia kumpiga, na baada ya maneno mengi hutajwa faini: mbuzi, doti ya kanga, vitenge, wakati mwingine fedha taslimu. Mume akilipa, shauri limekwisha, na mke husindikizwa kurudi nyumbani kwake akiwa amepewa wosia wa kuvumilia. Nimetafakari utaratibu huu kwa muda mrefu, na ninaona kwamba tumekigeuza kipigo kuwa deni, tena deni ambalo aliyepigwa ndiye pekee asiyelipwa.

Ninasema hivi kwa sababu nimeshuhudia. Binti wa mjomba wangu alivunjwa mkono na mumewe. Alikuwa amekwisha kwenda kituoni, akapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kumruhusu majeruhi kutibiwa, akatibiwa na kufungwa plasta, na maelezo yake yalikuwa yameandikwa. Wazee wa upande wa mume wakafika kwa mjomba na kusema maneno ambayo wengi wetu tumekua tukiyasikia: haya ni mambo ya ndani, tuyamalize nyumbani. Kikao kikafanyika. Mbuzi aliyetozwa alichinjwa na kuliwa na waliohudhuria, kanga akapewa mama yake, kisha baba mdogo mmoja akaongozana na binti huyo hadi kituoni ili aseme kwamba hana tena malalamiko. Yeye mwenyewe aliambulia ahadi. Katika mazungumzo yote ya siku ile, sikumsikia mtu hata mmoja akimuuliza kama anaogopa kurudi.

Wazee wale hawakuwa watu wabaya, na sipendi kuandika kana kwamba walikuwa hivyo. Kikao kina asili yake na heshima yake. Aya ya 35 ya Suratun-Nisaa inaelekeza kwamba panapohofiwa mfarakano kati ya mume na mke, ateuliwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke, na makabila mengi ya Tanzania yalikuwa na taratibu zinazofanana na hiyo hata kabla ya kufikiwa na dini za kigeni. Kwa mwanamke aliyeishi mbali na mahakama, hapo ndipo palikuwa mahali pekee ambapo mumewe angeweza kuhojiwa mbele ya watu anaowaheshimu. Kasoro ya kikao ni kwamba kiliundwa ili kutatua mfarakano, na mfarakano una pande mbili zinazopaswa kusogeleana. Kipigo hakina pande mbili za namna hiyo. Ukikipeleka mbele ya watu ambao kazi yao ni kupatanisha, watakipatanisha, yaani watatafuta kosa kidogo kwa mke ili kulilinganisha na kosa la mume, hata pale ambapo kosa lake ni chakula kuchelewa kuiva.

Sheria yetu yenyewe inavuta huku na kule. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka bila kuzunguka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa kumpiga, hata kama zipo mila zinazosema vinginevyo. Kwa sheria iliyotungwa miaka kumi tu baada ya Uhuru, huo ulikuwa ujasiri mkubwa, na ninasikitika kwamba kifungu hicho hakisomwi katika mafunzo ya ndoa, si kanisani wala msikitini. Hata hivyo kifungu hicho hakikuambatanishwa na adhabu yoyote mahususi. Mwanamke aliyepigwa huangukia kwenye makosa ya kawaida ya shambulio na kudhuru mwili, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuhimiza suluhu na fidia katika shambulio la kawaida. Kikao cha nyumbani kinamfuata hadi mbele ya hakimu. Hadi leo Tanzania haina sheria mahususi ya ukatili wa majumbani.

Hali hii ndiyo iliyonifanya nivutiwe sana na historia ya Brazil, nchi iliyo mbali nasi kwa lugha na kwa bahari, ambayo iliwahi kutozana faini inayofanana mno na ya kwetu. Wabrazili wana methali inayosema kwamba katika ugomvi wa mume na mke hakuna anayetia kijiko. Sisi tunayo ile ya ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, ambayo ilihusu ndugu lakini tumeihamishia kwa wanandoa. Mwaka 1995 Brazil ilitunga sheria ya mahakama maalumu za makosa madogo, kwa nia njema ya kuharakisha mashauri na kuhimiza mapatano. Kwa kuwa kumpiga mke kulihesabiwa kuwa jeraha dogo, kesi za wanawake zilimiminika humo, na ikawa kawaida kwa mwanamume aliyempiga mkewe kuamriwa atoe kapu la vyakula, mchele na maharage na mafuta, kwa taasisi ya misaada, kisha arudi nyumbani. Huko pia kipigo kilikuwa na bei, na huko pia bei ililipwa kwa mtu mwingine. Wanaharakati wa Brazil walisema wazi kwamba kapu lile liliwafundisha wanaume gharama ya kumpiga mwanamke, nao wakaona wanaimudu.

Aliyebadilisha mambo ni mfamasia wa mji wa Fortaleza, Maria da Penha Maia Fernandes. Mwaka 1983 mumewe alimpiga risasi akiwa usingizini, akapooza miguu. Aliporudi kutoka hospitali, mume yule akajaribu kumuua kwa umeme akiwa anaoga. Alitiwa hatiani zaidi ya mara moja lakini akabaki huru kwa rufaa na mapingamizi, hata Maria da Penha na mashirika yaliyomuunga mkono wakaamua kuishtaki nchi yao mbele ya Tume ya Haki za Binadamu ya mataifa ya Amerika. Mwaka 2001 Tume hiyo ilisema kwamba Brazil ndiyo yenye lawama, kwa kuwa imevumilia ukatili wa aina hiyo kwa uzembe wa mahakama zake. Mume akafungwa mwaka 2002, karibu miaka ishirini baada ya ile risasi, na tarehe 7 Agosti 2006 ikatiwa saini sheria ambayo wananchi wanaiita kwa jina la mama huyo.

Sheria hiyo iliyaondoa mashauri ya ukatili wa majumbani katika mahakama za makosa madogo, na kifungu chake cha 17 kinakataza waziwazi adhabu ya kapu la vyakula au ya kulipa fedha peke yake. Jaji anatakiwa kuamua ndani ya saa 48 kuhusu ombi la ulinzi, na anaweza kumwamuru mume aondoke nyumbani na asimkaribie mke. Hapo ndipo ninapotamani tupatazame kwa makini, kwa sababu kwetu anayeondoka ni mke, akiwa na watoto na mfuko wa nguo, na kuondoka kwake ndiko kunakomfanya aonekane mkosaji. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Shirikisho ikaongeza kwamba kesi ya kumjeruhi mke haifutwi kwa sababu tu mke amesema amesamehe. Nilipoisoma hukumu hiyo nilimkumbuka baba mdogo aliyekwenda kituoni kumaliza shauri. Mbele ya sheria ya namna hiyo safari yake isingekuwa na kazi.

Uganda imeligusa deni hili upande mwingine, upande wa mahari. Shirika la MIFUMI, ambalo chimbuko lake ni Tororo, lilikwenda mahakamani likieleza kwamba mwanamke anayepigwa hushindwa kuondoka kwa sababu baba na kaka zake hawana ng'ombe wa kurudisha, na kwa hiyo wao ndio humrudisha yeye. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba mahari yenyewe haivunji katiba, ila sharti la kuirudisha ndoa inapovunjika linaivunja. Ninaiona hukumu hiyo kuwa ya busara, kwa maana haikumdharau anayetoa mahari kwa heshima, bali ilikata kamba iliyowafanya ndugu wa mke kuwa na maslahi katika yeye kuendelea kupigwa. Katika vikao vyetu, mwamuzi wa upande wa mke mara nyingi ndiye yule yule aliyewapokea ng'ombe.

Wapo wanawake ambao hawakusubiri mahakama. Rebecca Lolosoli na wenzake walianzisha kijiji cha Umoja huko Samburu, Kenya, mwaka 1990, ambako wanawake wanaishi bila waume na kuwapokea wanaokimbia vipigo na ndoa za utotoni. Kwa Wakurya wa mkoa wa Mara upo utaratibu wa kale wa nyumba ntobhu, ambapo mama asiye na mtoto wa kiume humuoa mwanamke mwingine ili kupata warithi. Shabaha yake ya asili ni urithi, lakini baadhi ya wanawake wanaouingia siku hizi wanaeleza kwamba walitaka nyumba isiyo na kipigo. Inaniumiza kwamba imewalazimu kuikimbia ndoa ya mwanamume ili kuupata usalama huo.

Sheria peke yake haizuii ngumi, na hilo halina haja ya kufichwa. Brazil bado inapoteza zaidi ya wanawake elfu moja kila mwaka kwa mauaji ya aina hii. Kenya ilipitisha sheria ya kinga dhidi ya ukatili wa majumbani mwaka 2015, lakini mwanariadha Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten mwaka 2021, na mumewe ndiye aliyeshtakiwa. Mwaka 2024 mkimbiaji wa Uganda Rebecca Cheptegei, wiki chache tu baada ya kukimbia marathoni katika Olimpiki za Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto huko Endebess, Kenya, na mwanamume aliyekuwa mwenzi wake, akafariki baada ya siku nne. Hao walikuwa wanawake wenye kipato na majina yanayojulikana duniani.

Jirani ana nafasi yake pia, na ushahidi wa hilo upo karibu nasi. Mradi wa SASA! wa shirika la Raising Voices uliendeshwa katika mitaa ya Kampala kwa kuwatumia wakazi wenyewe, mafundi, wauza soko, viongozi wa dini, wakizungumza na wenzao juu ya nguvu na matumizi yake ndani ya nyumba. Utafiti uliofanyika kati ya 2007 na 2012 ulionyesha kwamba katika mitaa iliyofikiwa, vipigo vya wapenzi na waume katika mwaka uliotangulia vilikuwa pungufu kwa asilimia 52 kuliko katika mitaa ambayo haikufikiwa. Takwimu hiyo inanipa moyo hasa ninapoiweka kando ya ile ya utafiti wa afya wa Tanzania wa 2015-16, ambapo asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume walikubali kwamba zipo sababu zinazomhalalisha mume kumpiga mkewe. Wanawake walikubali zaidi kuliko wanaume, na sishangai, kwa kuwa wao ndio waliofundwa kuanzia unyagoni hadi jikoni kwamba siri ya nyumba haitoki. Kilichofundishwa na shangazi na kungwi kinaweza kufundishwa upya na hao hao.

Kisha lipo swali ambalo wazee hulitoa kikaoni kwa huruma ya kweli: akiachika ataishi vipi, naye hana kitu? Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilianza kulijibu mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, pale Jaji Mkuu Nyalali alipoamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Mwanamke aliyepika, aliyelea na kulima kwa miaka yote hiyo ana lake katika nyumba ile, na wazee wanaomwambia hana kitu wanampa habari isiyo ya kweli.

Ninaomba vikao vyetu viendelee na ugomvi wa matumizi, wa mawifi na wa wakwe, na kipigo vikiache kwa dola. Na ninaomba Bunge litunge sheria itakayompa hakimu uwezo wa kumtoa nyumbani anayepiga. Kwa sasa, mwanamke anayesoma hapa na ambaye ameambiwa kwamba hawezi kwenda popote kabla ya kupitia wazee au Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, aelewe kwamba kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinachodai hati ya Baraza kinahusu maombi ya talaka, tena kinaruhusu mahakama kulipokea ombi bila hati hiyo pale ambapo mazingira si ya kawaida. Kipigo ni jinai. Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi linapaswa kumpokea leo, kikao kiwe kimekaa au hakijakaa, na sahihi ya baba, kaka au mjomba haihitajiki.