Nati ikigoma usikimbilie bomba

Wakuu, leo naongelea nati na skrubu zilizogoma, manake nimekaa sana na pikipiki za Kijapani na gari za Toyota hapa Dar na kuna kitu nakiona gereji nyingi kinaniuma kweli. Nati haitoki, fundi anatafuta bomba la maji anachomeka kwenye spana ili kurefusha mpini, anavuta, bolti inakatikia ndani, afu unaambiwa "bosi hii ilikuwa na kutu sana". Mi nasema nati nyingi haziharibiwi na kutu, zinaharibiwa na kifaa ambacho hakikukaa vizuri tangu mwanzo. Kutu ina dawa, kona zikishalika hapo kazi imekuwa nyingine kabisa.

Kwa hiyo kabla ya yote safisha kichwa cha nati kwa brashi ya waya, toa matope yote, ndo uchague spana. Toyota na Wajapani wengi wanapenda nati za milimita 10, 12, 14 na 17, kwa hiyo ukikutana na 13 kwenye gari ya Kijapani ujue yawezekana kabisa kuna mtu alishabadilisha bolti. Land Rover za zamani na matrekta ya zamani ya Massey Ferguson ni inchi, na hapo ndo watu wanapoharibu: nusu inchi ni milimita 12.7, ukiweka spana ya 13 inaingia vizuri tu unaona imekaa, kumbe ina uwazi wa milimita 0.3, nati ikiwa laini unafungua bila shida ila ikiwa imegoma spana inaruka na kona inaondoka nayo.

Spana ya mdomo inashika pande mbili tu, hiyo ni ya kumalizia nati iliyokwisha kulegea, isiwe ya kuanzia. Anza na spana ya ringi, ile inayozunguka nati yote, au soketi, na kama una uwezo wa kuchagua chukua soketi ya pembe 6, achana na ya 12, manake ya 6 inasukuma kwenye ubavu wa nati wakati ya 12 inasukuma karibu na kona. Spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, nayo kama ndo uliyonayo basi ikaze mpaka isicheze kabisa na vuta kwa upande ambao mdomo usiosogea ndo unabeba nguvu, ukiigeuza kinyume ule mdomo unaosogea unafunguka na kuteleza. Na siku zote vuta spana kuja kwako, usiisukume, ikiachia ghafla ukiwa unasukuma vidole vinaishia kwenye chuma.

Sasa skrubu za nyota za pikipiki, hapa naomba mnisikilize vizuri. Zile skrubu za kava la injini kwenye Honda na Yamaha za zamani watu wanazifungua kwa bisibisi ya kawaida ya nyota, ile ya Phillips ya Kimarekani, wakati Wajapani walikuwa na nyota ya kwao, JIS, yaani ya viwango vya Kijapani. Kwa macho zinafanana ila umbo la ndani linatofautiana kidogo, Phillips haizami mpaka chini, kwa hiyo ukikomaa inapanda juu na kusaga ile nyota. Angalia kichwa cha skrubu, nyingi za JIS zina kinukta kimoja pembeni ya nyota. Ukikiona tafuta bisibisi ya JIS, Vessel ya Japani wanatengeneza, na ukiipata utashangaa skrubu uliyodhani imekufa inatoka kwa mkono. Ikigoma bado, kuna impakti dreva ya kugonga kwa nyundo: unaiweka kwenye mwelekeo wa kufungua, unaishika imara, unagonga kitako chake, inasukuma ncha ndani ya skrubu na kuizungusha kwa wakati mmoja. Kama unarekebisha pikipiki mwenyewe, hiyo nunua kabla ya seti kubwa ya spana.

Turudi kwenye kutu. Chuma kikiliwa, kutu inayotokea inachukua nafasi kubwa kuliko kile chuma kilichopotea, ndo maana thredi, ile mistari ya kuzungukia ya nati na bolti, zinabanana vile, na hewa ya chumvi ya huku pwani inaongeza kasi. Weka mafuta ya kupenya, kama hakuna changanya hidroliki ya gia otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, wengi wanatumia na inapenya vizuri, ila asetoni inashika moto haraka sana kwa hiyo ikae mbali na sigara na welding. WD-40 ya kawaida sawa kwa kutu nyepesi, ila ilitengenezwa 1953 kwa ajili ya kufukuza maji, usiitegemee kwa bolti ya ekzosi iliyokaa miaka. Ukishaweka acha ilale, hata usiku mzima, na katikati igonge gonge kichwa kwa nyundo, sio kwa hasira, mtikisiko ndo unaopasua kutu na kuruhusu mafuta yaingie. Afu kabla ya kufungua jaribu kukaza kidogo sana, ikisogea hata unywele tu, rudisha, kaza, rudisha, weka mafuta tena. Watu wengi wanaishia hapo hapo, hawahitaji tena bomba.

Moto unafanya kazi kwa sababu chuma kinapanuka, lengo nati ipate joto kuliko bolti. Kama bolti ya chuma imeingia kwenye alumini pasha alumini, yenyewe inapanuka karibu mara mbili ya chuma. Futa mafuta yote kwanza, na karibu na tenki la petroli, mipira ya breki au sili usiwashe chochote.

Hakikisha pia unazungusha upande sahihi jamani. Pedali ya kushoto ya baiskeli inafunguliwa kwa kufuata mwendo wa saa, na nati za mtungi wa asetilini, ile gesi ya kuchomelea, vile vile. Unaweza kuvunja kitu kizima kwa kukikaza huku unaamini unafungua.

Na stadi, yaani bolti isiyo na kichwa, ikishakatika juu ya blok ya injini, ikiwa imebaki na thredi za kutosha funga nati mbili zikabane zenyewe kwa zenyewe afu weka spana kwenye ile ya chini, fungua. Ikibaki fupi sana mpelekee fundi welding achomelee nati mpya juu yake. Ule moto wa welding wenyewe unasaidia kuilegeza, acha ipoe kidogo ndo uzungushe taratibu, na unaporudishia stadi mpya ya ekzosi ipake grisi ya kopa (shaba) kwenye thredi.