Makombo ya mgahawa kwenye bustani yangu ya Pasua

Watu wakisikia kwamba mchicha wangu unalishwa makombo ya mgahawa, huuliza harufu. Harufu ni kitu kidogo. Mimi naogopa chumvi, vijidudu na takataka zinazojificha ndani ya ndoo: vijiti vya meno, vifuniko vya soda, vipande vya nailoni. Nailoni ikishachanganyika na udongo, utaiokota mpaka uchoke.

Kwa hiyo nilianzia kwa mama ntilie mwenyewe, pale Mbuyuni. Nikampelekea ndoo mbili, moja ya maganda na nyingine ya makombo ya sahani. Akacheka: "Mwanangu, wateja wangu ndio wachague ndoo?"

"Hapana mama, achague anayeosha vyombo."

Tukaelewana kwa mafungu ya mchicha. Fungu moja ni la binti wa vyombo, maana kazi yote iko mikononi mwake.

Ndoo ya maganda haina neno. Ya makombo naimwaga kwenye bati na kuichambua. Mifupa na mafuta natoa, panya wa mtaani kwetu hawangoji mwaliko. Jirani anayefuga nguruwe aliniomba makombo hayo, nikamnyima. Mabaki ya kitimoto yasiyochemshwa vizuri yanaweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika, na ugonjwa huo hauna tiba.

Kisha napanga lundo la mboji, yaani mbolea ya mabaki yaliyooza: makombo kidogo, maranda na majani makavu ya mgomba kwa wingi. Lisipungue mita moja kila upande, vinginevyo halipati joto. Katikati linatakiwa kufika nyuzi 55 na kukaa hapo siku kadhaa ili vijidudu vife. Sina kipimajoto; nachomeka nondo, naiacha kidogo, naichomoa na kuigusa. Ikiwa moto kiasi cha kutoshikika, nangoja. Ikianza kupoa, nageuza lundo, ya nje yaingie ndani. Nondo haitoi namba, ndiyo maana sigeuzi mara moja tu.

Chumvi haiuawi na joto. Hapo naipima kwa kupanda maharage, kwa sababu hayaivumilii: kopo moja udongo mtupu, jingine udongo uliochanganywa na mboji. Majani ya kopo la pili yakiungua pembeni, lundo hilo linabaki nje lipigwe na mvua, kisha napima tena.

Saladi na karoti siziwekei mboji ya makombo hata ikifaulu, kwani zinaliwa mbichi. Hizo zinapata ya maganda.