Sai siuzi maua, nauza maji yatapita wapi

Mwezi uliopita nilikuwa saiti moja huko Riat, Kisumu, mjengo wa apatimenti, tumekaa kwa meza ya plaiwudi na chai ya strungi, na mwenye nyumba anataka gharama ishuke. QS, yule wa kukadiria gharama, akafungua BQ, ile orodha ya kazi na bei zake, akaanza kupekua. Msingi hakugusa, slebu hakugusa, stima hakugusa, akafika ule ukurasa wa mwisho ambao ni wangu, akatoa kalamu nyekundu akachora mstari mmoja kutoka juu mpaka chini. "Hii tutafanya baadaye, madam." Kisha akanisogezea biskuti.

Nimefanya hii kazi miaka kumi na moja na sijawahi kuitwa hiyo baadaye.

Mimi ni msanifu wa mandhari. Nilisomea Juja, chuo kikuu cha JKUAT, na hapa Kisumu hakuna mtu ananiita hivyo, mimi ni "ule madam wa maua" na nishazoea. Shida ya hii kazi yetu ni foleni. Tunaingia saiti mwisho kabisa, wakati pesa imeisha, mwenye nyumba amechoka, kontrakta anadai, na kitu imebaki ni geti na mimi, na kati ya geti na mimi nadhani unajua nani hushinda.

Si ati ilikuwa hivi siku zote. Kabla ya Africities, ule mkutano wa miji ya Afrika wa Mei 2022, Kisumu ilikuwa inaoshwa kama bibi harusi, kabro, zile tofali za kutandika nje, inalazwa huku, miti inapandwa kule, na mimi nilikuwa na vibarua kumi na wanne na pikapu ya kukodi iliyokuwa haizimi. Nilidhani ndio maisha. Halafu 2023 ikaja, Julai VAT ya mafuta ikatoka asilimia 8 ikaruka 16, wateja wangu wengi ni watu wa mshahara na payslip zao zikaanza kukatwa hii na ile, dola nayo ikapanda mpaka mwanzo wa 2024 ilikuwa imepita 160. Paipu za kunyunyizia maji na vichwa vyake ni vitu vya kuagiza, kwa hivyo kwotesheni niliyoandika Oktoba ilikuwa maiti kufikia Januari. Shilingi ilikuja kurudi hadi karibu 130 lakini yule jamaa wa duka la paipu nadhani hakupata hiyo habari.

Na kuna ofisi moja ya umma, sitaitaja, inanidai salamu tu lakini mimi naidai pesa. Niliwapandia miti mia tatu na kitu, nikaimwagilia miezi sita kwa mfuko wangu juu ilikuwa kiangazi, na vocha yangu "iko kwa meza ya mkubwa" mpaka wa leo. Miti yenyewe imenizidi urefu.

Vibarua kumi na wanne wakawa sita, wakawa wawili. Mmoja wa wale niliowaachilia sai ana boda hapo Kondele, akiniona lazima anibebe na bei ananipunguzia bila kuulizwa, na hiyo inaniuma kuliko angenitukana.

Nikafungua kitalu kando ya barabara. Hapo nilijifunza nidhamu. Watu wanasimama, wanaangalia royal palm zangu, wanasema "ziko smati sana", halafu wananunua avokado ya kupandikiza na mche wa pawpaw wanaenda. Zile royal palm bado ziko. Wachache wanaotaka nyasi wanataka ile ya Kikuyu waliyoona kwa shemeji yao Limuru, na inabidi nieleze pole pole kwamba hii Kisumu iko mita elfu moja mia moja na kitu tu, joto letu hiyo nyasi haitaki, tafadhali chukua Pemba ama paspalamu uwache kulia.

Kuna kitu nilisomea chuo nikakiona cha kuchosha, siku hizi nakikumbuka nikioga. Mwaka 1857 uchumi wa Marekani ulianguka, na kampuni ya uchapishaji ambayo Frederick Law Olmsted alikuwa mbia ikazama nao, akabaki na madeni. Ndipo akaomba kazi ya kusimamia vibarua waliokuwa wanafyeka uwanja wa kutengeneza Central Park kule New York. Mwaka uliofuata yeye na Calvert Vaux wakashinda shindano la kuichora hiyo paki, na leo huyo ndiye tunaambiwa ni babu wa taaluma. Mimi sisemi ni Olmsted. Nasema tu kwa upande wa madeni tunafanana.

Sasa mambo yaligeuka na mvua ya 2024, ile ya Machi mpaka Mei. Mwalimu mmoja mstaafu anayekaa upande wa Nyamasaria alinipigia saa moja asubuhi. Hakutaja maua. Alisema, "Madam, viti vyangu viko juu ya meza."

Nikaenda. Kiwanja chote alikuwa ameweka kabro, nzuri, ya bei, imelala kama mkeka. Nikatoa chupa ya maji ya nusu lita nikailaza kwa kabro karibu na geti. Ikaanza kubiringika yenyewe, taratibu, sisi wote tunaitazama, mwalimu, mama yake mzee, kijana wa ng'ombe, mpaka ikagonga mlango wa sebule. Mwalimu akasema neno la Kijaluo ambalo walimu hawafundishi.

Halafu tukapiga hesabu pamoja, maana yeye alifundisha hesabu. Paa lake ni kama mita mraba 150. Ikinyesha milimita 40 jioni moja, na hapa kwetu hiyo si ajabu, paa peke yake linamwaga lita elfu sita. Zote zilikuwa zinashuka kwa gata moja, kwa kona moja, juu ya ule udongo mweusi wa Kano ambao kiangazi unapasuka mpaka unaingiza mkono, na ukilowa unafura kama mandazi na kusukuma ukuta. Nyufa alikuwa amepaka plasta mara mbili akidhani ni fundi mbaya.

Tuling'oa kabro upande mmoja tukailaza upya ikishuka sentimita mbili kila mita, kwenda mbali na nyumba, chini yake tukatoa ule udongo mweusi tukajaza muramu. Paa likapata gata ya pili na tangi. Maji yanayozidi tukayachimbia mtaro mpana usio na simiti, kama bakuli refu, tukapanda nyasi ya vetiva chini na maua ya kana kwa kingo. Kwa kwotesheni sikuandika mandhari, bustani wala urembo. Niliandika "kazi ya maji". Hakubishana bei. Alilipa kwa M-Pesa kwa awamu, sawa, lakini hakubishana.

Wiki hiyo hiyo jirani akapiga, kisha jirani wa jirani. Ni kazi ile ile niliyosomea, mteremko, udongo, mizizi, nimeibadilisha jina tu.

Kwa hivyo siku ile Riat nilikula ile biskuti, nikaenda nyumbani, nikairudisha BQ yangu kesho yake na vitu vyangu vyote nimevihamishia sehemu ya mitaro. Kule ni mlima, udongo unashuka na mvua kweli, sikudanganya. Miti kumi na minane imeandikwa hapo kama ya kushikilia udongo. QS amepitisha. Wenzangu wa taaluma watasema najidhalilisha, na wao waniambie kodi ya nyumba wanalipa na nini.

Juzi nikapita kwa mwalimu kuangalia mtaro. Kana zangu zote hakuna! Dani, yaani nyanya, yule mama yake mwalimu, amezing'oa, kwa kingo kuna mboga za kienyeji, dek na osuga, na huko chini kidogo kwa unyevu kuna apoth, ile mlenda, mistari imenyooka kuliko yangu. Nikasimama hapo nikiwa nimekasirika. Akaniuliza, "Nyathina, mwanangu, ile kitu yako nyekundu ilikuwa inaliwa na nani?" Vetiva hakugusa, alisema hiyo ameona inashika maji. Nikamwaga ndoo mbili kujaribu, maji yakapita vizuri tu katikati ya mboga.

Akanifungia osuga fungu kubwa kwa jani la vetiva. Mwalimu, ambaye bado ana awamu yangu ya mwisho, akaniambia bei ya hiyo osuga nianze kuikata kwa hilo deni.