Safu ya Nne

Juzi usiku binti yangu alihitaji karatasi ya manila ya kuchorea mzunguko wa maji, na kwa kuwa maduka ya hapa Nkuhungu, Dodoma, yalikuwa yamekwisha kufungwa, nilipanda kiti nikaishusha ile iliyokaa juu ya kabati tangu tulipohamia. Akaikunjua sakafuni, akafungua makapeni, na ile harufu ya wino ilipopanda ndipo aliponiuliza: "Baba, 'Kwa nani' ni nini, na kwa nini mmeikata?" Nilimwambia achore upande wa pili.

Ilikuwa Novemba 2018, mwaka wetu wa mwisho chuoni, na waliowahi kupanga chumba Ng'ong'ona hawahitaji kuelezwa upepo wa mwezi huo, kabla mvua haijashuka kutuliza vumbi. Tulikuwa wanne, tumekaa barazani, manila imebanwa kwa vipande vya tofali, tukipanga mradi wa programu ya wavuti kwa ajili ya watumiaji wa apt, yaani kisimamizi cha vifurushi vya programu katika Debian, mfumo huria wa kuendesha kompyuta. Sote tulitumia Debian 9, toleo lililotoka Juni 2017 likiwa na vifurushi zaidi ya 51,000. Vifurushi vilikuwa bure kwa yeyote anayevitaka, ila bando la kuvipakua lilinunuliwa. Kifurushi kimoja huja na vitegemezi vyake, yaani vifurushi vingine ambavyo bila hivyo hakifanyi kazi, na mara kadhaa nilishuhudia mtu akimaliza bando la wiki nzima kupakua kitu ambacho mwenzake wa chumba cha pili alikuwa nacho tangu mwezi uliopita.

Hilo ndilo tulilotaka kulitatua. Amri ya apt-get huacha nakala ya kila kifurushi ilichopakua ndani ya folda ya /var/cache/apt/archives, ilhali amri mpya na fupi ya apt huzifuta nakala hizo ikishamaliza kusakinisha, kwa hiyo siku ya kwanza tulikubaliana kwamba nyumba nzima irudi kwenye apt-get. Kila kompyuta ingekuwa na programu ndogo iliyoandikwa kwa lugha ya Python ya kusoma folda hiyo na kupeleka orodha kwenye kompyuta moja, na hapo Django, zana ya Python ya kujengea tovuti, ingeonyesha jedwali kwa yeyote aliyeunganishwa na ruta ya nyumba. Suala la kuaminiana halikutupa shida, kwa sababu apt hulinganisha alama za utambulisho za kila faili inalolipakua na orodha iliyotiwa saini na Debian, na faili lililochezewa na jirani lingekataliwa. Sehemu hiyo ya mpango niliionea fahari, na mpaka leo naamini ilikuwa nzuri.

Jedwali lilikuwa na safu nne: Kifurushi, Toleo, Ukubwa, Kwa nani. Safu ya nne niliiongeza mimi, kwa hoja kwamba mtu akishajua kifurushi kimo ndani ya nyumba, atataka kujua abishe hodi mlango upi.

Ili kuupima mpango kabla ya kuandika msimbo, tuliamua kulijaza jedwali kwa mkono. Mimi nilisoma, na dada yetu wa Kondoa aliandika. Tulianza na laptopu ya mwenzetu wa Kongwa, aliyetuzidi umri na ambaye sote tulimwita kaka, mtu aliyekaa mstari wa mbele katika kila kipindi, nasi tukidhani ni bidii tu. Yeye mwenyewe alikuwa ameegemea nguzo, akimenya karanga. Nilisoma vifurushi vitano au sita, dada akiandika jina la kaka mbele ya kila kimoja, kisha nikasoma, "kmag."

"Inaandikwaje hiyo?"

Nikamtajia herufi moja moja, kwa sauti ya kutosha kusikika hadi chumba cha mwisho. Akaandika. Nikageuka nikauliza, "Hii ni ya nini, kaka?"

Aliendelea kumenya karanga iliyokuwa mkononi mpaka ganda likaisha, lakini hakuila. "Inakuza maandishi," akasema. Kisha, bila kututazama: "Macho yangu yanapungua. Tangu mwaka wa pili."

Kilichofuata kwenye orodha kilikuwa espeak, programu inayosoma maandishi kwa sauti. Nilikuwa nimekwisha kuiona, na nadhani yeye alijua kwamba nimeiona. Nilifunika laptopu. Upepo ulikuwa ukiinyanyua kona ya manila na kuiachia, ukiinyanyua na kuiachia, na dada alibaki ameishika makapeni wazi, harufu yake ikatujaa puani. Neno pole lilikuwepo mdomoni mwangu na sikulitoa. Dada ndiye aliyetangulia: aliiweka kalamu nyeusi, akachukua nyekundu, akaikata safu ya nne kutoka juu hadi chini.

"Mngeniuliza kwanza," kaka akasema, "ningewaambia andikeni. Pengine yumo mwingine humu ndani ambaye hajui kwamba kitu kama hiki kipo."

Mabishano yaliyofuata yalimaliza jioni nzima. Dada alitukumbusha kwamba Debian yenyewe, inaposakinishwa, humuuliza mtu kama anakubali orodha ya vifurushi vyake itumwe kila wiki kwenye takwimu za popularity-contest, na kwamba jibu linalomsubiri pale ni hapana. Sote tulikuwa tumelipita swali hilo kwa kubonyeza tu. Tukaiga utaratibu huo: hapana kwanza, na majina yasiwepo. Lakini nyumba ilikuwa na vyumba vinane tu, na mtu yeyote mwenye subira angeweza kukisia kifurushi ni cha nani, wakati aliyekihitaji kweli asingejua abishe wapi. Programu iliandikwa, ilifaulu, na ilitumika pale nyumbani mpaka tulipotawanyika. Hadi leo sijui kama mstari mwekundu ulimlinda kaka au ulituondolea sisi haya tu.

Mtoto alipomaliza kuchora mawingu nilimpigia kaka simu. Siku hizi hatuandikiani, tunaongea. Nilimweleza kwamba manila bado ipo, na kwamba asubuhi itakwenda shuleni.

"Jina langu bado linasomeka hapo?"

Nikaigeuza chini ya taa. "Linasomeka, kaka. Mstari ulipita juu yake, lakini linasomeka."

Alinyamaza kidogo. "Basi nisomee orodha yote, kabla mtoto hajaondoka nayo."

Nikaanza kumsomea kutoka juu.