Taka ndani ya takatifu

"Mbona ndani ya 'takatifu' kuna 'taka'?"

Binti yangu alikuwa akiandika insha jana usiku. Alikuwa amefunika silabi mbili za mwisho kwa kidole, na kweli, palibaki taka. Nikamwambia neno linatokana na kutakata, yaani kuwa safi, kung'aa, kama anga lililotakata baada ya mvua. Hakuridhika. Nami nikamkumbuka baba.

Ilikuwa wiki ile ya saa ya mjomba. Niliichukua mimi, akachapwa mdogo wangu, nikakiri siku ya tatu. Saa ikarudi, nikasamehewa. Lakini sikutaka kukaa na wenzangu. Nilimwambia baba kwamba mimi si safi tena.

Baba hakujibu. Alichota maji ya mtaroni kwa jagi la kioo, akaliweka mezani. "Kaa hapa. Usiliguse."

Maji yalikuwa mazito kwa tope. Nilipoweka mkono nyuma ya jagi sikuviona vidole. Chembe nzito zilitangulia kushuka, zikalala chini kama unga. Kisha juu kabisa pakatokea utepe mwembamba wa mwanga, ukawa unashuka taratibu mno, mpaka nikadhani macho yananidanganya. Jani moja dogo kavu lilizunguka, likasita, likatua. Jioni nikaviona vidole vyangu, hadi kucha.

Baba akavuta kiti. "Safi ni neno la Kiarabu. Mzizi wake ni herufi swadi, fa na wau. Husemwa juu ya maji yaliyoondokewa na tope yakawa angavu. Halisi nalo ni la Kiarabu, ila hilo ni la kitu kisichochanganyika na kingine. Ndugu yake ni ikhlasi." Akanitazama. "Wewe unalilia halisi, mwanangu. Mimi nakuambia safi."

"Na nikiyatibua, baba?"

Aliliangalia lile tope kwa muda mrefu. Halafu akalibeba jagi kwa mikono miwili, akatoka nalo polepole, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

Mdogo wangu hajawahi kuitaja ile saa, hata mara moja. Nampenda kwa hilo. Lakini kila anaponyoosha mkono kuangalia saa yake, kuna kitu kinatibuka ndani yangu, nami hunyamaza kidogo, nikingoja kitulie.